Barua ya wazi kutoka Moshi: wanafunzi wangu wanaona kiwiko tu

Kwa wenye dhamana ya elimu: Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, TAMISEMI, Taasisi ya Elimu Tanzania, na maofisa elimu wa Mkoa wa Kilimanjaro na wilaya zake.

Waheshimiwa,

Walionizidi umri, shikamooni. Wengine, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa Sanaa, uchoraji hasa, katika sekondari moja ya Manispaa ya Moshi. Jina la shule naliacha makusudi. Ninayotaka kuyasema yangeweza kusemwa na mwalimu wa Pasua, wa Rau au wa huko juu Kibosho, tena sipendi mkuu wangu wa shule aanze kupigiwa simu kwa sababu yangu. Nina jambo moja tu, nalo linahusu dakika 80.

Dakika 80 ndizo ninazopewa na kila mkondo kwa wiki: vipindi viwili vya dakika 40 vilivyounganishwa, Jumatano, baada ya chai. Wanafunzi ni 50 na ushei. Siku ya kufundisha kivuli naingia na yai moja, naliweka juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Yai ni kitu rahisi kwa mtu asiyelichora. Anayelichora anatakiwa aone mambo matano: pale nuru inapopiga moja kwa moja, pale inapoanza kufifia, kivuli cha yai lenyewe, kivuli kinachoanguka mezani, na katikati ya hivyo vivuli viwili, kamwanga kadogo kanakorudi kutoka kwenye karatasi na kulilamba yai kwa chini. Hako kamwanga ndiko kanakofanya yai liwe la mviringo. Mwanafunzi asipokaona, atachora sahani iliyochafuka.

Basi naanza kuonesha. Mstari wa kwanza wanaona. Wa pili wanaona nusu. Kuanzia wa tatu kwenda nyuma wanaona kiwiko changu. Wanasimama juu ya madawati, nawashusha, naonesha tena kwa upande wa pili, kisha mara ya tatu kwa wale wa nyuma. Ukijumlisha kugawa karatasi, kutafuta penseli laini za 2B ambazo hazitoshi, na kukusanya mwishoni, mkono wa mwanafunzi unabakiwa na dakika 20 hivi. Rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti inagongwa, nami nasema maneno ambayo kila mwalimu wa Sanaa nchini anayajua: "Mtamalizia nyumbani."

Nyumbani hakuna wa kumsaidia. Ile sehemu ngumu, ya kuangalia na kukosea na kufuta, tunamwachia aifanye peke yake usiku chini ya balbu. Ile rahisi, ya kukaa na kutazama, ndiyo tunayoifanya pamoja wakati mwalimu yupo. Nilifundisha hivyo miaka mingi bila kushtuka.

Kugeuza mpangilio huo sikubuni mimi. Mwaka 2007 walimu wawili wa kemia katika sekondari moja ya Colorado, Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walianza kurekodi masomo yao kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wakikosa vipindi kwa sababu ya safari ndefu za michezo. Wakagundua kwamba hata wasiosafiri wanazitazama. Wakaona basi maelezo yote yatazamwe kabla ya kipindi, na kipindi kibaki kwa ajili ya kazi. Wenyewe huko wana jina lao la kitaalamu. Mimi naita kugeuza darasa, na wanafunzi wangu, ambao hawana adabu na istilahi, wanaita darasa la miguu juu.

Kwa kemia sijui. Ila kwa uchoraji naona lilikuwa linatungoja sisi, kwa sababu somo letu lipo mkononi. Huwezi kumweleza mtu kwa maneno jinsi penseli inavyolala kwenye karatasi wakati wa kutia kivuli chepesi. Lazima aone, na aone kwa karibu, na aweze kusema "rudia hapo" mara kumi bila kumchosha mwalimu wala kuchekwa na wenzake.

Nilichofanya ni hiki. Mtakumbuka vishikwambi vya Sensa ya mwaka 2022, vilivyogawiwa walimu kazi ya kuhesabu watu ilipokwisha. Changu kilikuwa kinatumika kwa maandalio ya somo na, niseme ukweli, kwa mpira wa Jumamosi. Nikamwomba fundi seremala wa jirani anitobolee ubao tundu la ukubwa wa kifuniko cha soda. Ubao nikaulaza juu ya migongo ya viti viwili, kishikwambi kikalala juu yake kifudifudi, kamera ikachungulia tunduni. Chini yake karatasi, yai na mkono wangu. Dirisha likawa kushoto kwangu, maana ukiandika kwa mkono wa kulia na nuru ikatoka kulia, kivuli cha mkono wako mwenyewe kinafunika unachochora. Nilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla bodaboda hazijachangamka. Mlima ulikuwa umetoka, Kibo yote peupe, nami nimeupa mgongo nachora yai.

Jogoo wa jirani aliwika mara tatu ndani ya video hiyo. Niliiacha. Mpaka leo nikisema "tutazame video ya yai", kuna mtu nyuma anawika.

Video ni ya dakika nne. Ukiipunguza ukubwa inakuwa megabaiti 30 hivi, na hairushwi kwa bando: simu kwa simu kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili bila intaneti, au kwa memori kadi. Somo linasema Kiingereza kwenye kitabu na kwenye mtihani, lakini kwenye video nasema Kiswahili, nataja istilahi ya Kiingereza mara moja wanapoihitaji, kisha naacha mkono uendelee.

Najua swali lenu la kwanza: simu shuleni ni marufuku. Sipingi marufuku hiyo. Nimekamata simu ngapi zenye mambo yasiyo na uhusiano na yai! Wanafunzi wangu wa kutwa wanatazama kwenye simu ya mama au ya kaka, nyumbani. Hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo wataalamu wa mikutano hawalisemi. Simu ya nyumbani ina mwenyewe. Baba anarudi saa tatu usiku, simu inaanza kutumika kwa mambo ya baba. Binti ana vyombo vya kuosha na mdogo wake wa kulaza. Akiipata ni saa nne, ina chaji asilimia 6, na umeme umekatika tangu magharibi. Wapo pia ambao kwao hakuna simu ya kugusa kabisa, na hao hawanyooshi mkono ukiwauliza mbele ya wenzao. Nilijifunza kuwauliza kwa karatasi.

Kwa hiyo nilifanya vitu viwili. Wakati wa chakula cha mchana kishikwambi changu kinakaa maktaba, wanane wanane wanakizunguka, na anayekishika ni mwanafunzi mmoja mkali kuliko mimi. Cha pili ni cha bei ya fotokopi: kutoka kwenye video natoa picha sita za hatua kwa hatua, nazipanga kwenye ukurasa mmoja, nazidurufu. Wameziita "video ya maskini". Lakini nimeona hata wenye simu wanaziomba, wanazibandika ndani ya jalada la daftari, wanazichungulia wakichora.

Mara ya kwanza, darasa la miguu juu liliniangusha. Niliingia nikidhani wote wametazama, nikasema "haya, chorani", wakanitazama kama nimesema Kijerumani. Nusu walikuwa hawajatazama hata sekunde moja. Sasa mlangoni kuna ushuru: kila mmoja aniletee mchoro mdogo wa ukubwa wa kiberiti, aliouchora baada ya kutazama. Hausahihishwi. Nauangalia nikiwa nimesimama mlangoni, na ndani ya dakika tano najua nani hajaona ule mwanga wa chini. Asiye nao anakwenda kutazama kona ya darasa kwanza.

Halafu kinaanza kipindi chenyewe. Nina dakika 55 au 60 za kupita kati ya madawati. Nimegundua mambo ambayo sikuwahi kuyagundua nikiwa mbele. Kijana mmoja anashika penseli kwa ngumi kama anachoma mahindi, ndiyo maana mistari yake inatoboa karatasi. Mwingine hachori yai lililo mbele yake, anachora yai alilonalo kichwani. Namgeuza, namfumba jicho moja, namwambia aniambie sehemu nyeusi kuliko zote iko wapi. Hiyo ndiyo kazi ya mwalimu wa Sanaa, na nilikuwa siifanyi kwa sababu nilikuwa bize kuonesha kiwiko.

Kuna binti anayetumia mkono wa kushoto. Kidato cha kwanza chote nilimwona mzito, nikamwandika hivyo kwenye ripoti, Mungu anisamehe. Baada ya video ya tatu alinijia akauliza kama inawezekana kuigeuza. Sikumwelewa. Akachukua kishikwambi, akaenda kwenye programu ya kuhariri, akabonyeza mahali ambapo picha inapinduka kama kwenye kioo. Mkono wangu wa kulia ukawa wa kushoto, dirisha likahamia kulia. Alikaa akaitazama mara mbili bila kusema neno. Miaka yote nilikuwa namfundisha kuchora huku kivuli cha mkono wake kikimfunika kazi, na kila nilichomwonesha kilikuwa kinyume chake. Sasa kila video naitoa mara mbili, na ile ya pili tunaiita ya mashoto.

Nisije nikaonekana nimelewa skrini. Skrini inadanganya, na mwalimu wa Sanaa asiyelijua hilo ni hatari kuliko asiye na skrini. Kijana wangu mmoja alikuwa amejifunza kuchora kwa kidole kwenye programu ya simu ya kaka yake. Siku ya kuchanganya rangi za maji alihitaji njano, njano ikawa imekwisha. Akachukua nyekundu na kijani akakoroga, kwa kujiamini kabisa. Likatoka tope la Mto Karanga wakati wa masika. Alikasirika akidhani rangi ni feki. Kumbe kwenye simu alikuwa sahihi: skrini ni vitaa vidogo vya nyekundu, kijani na buluu, na nyekundu ikiwaka pamoja na kijani jicho linaona njano. Rangi ya kwenye kopo haiwaki. Inameza nuru, kila moja inameza ya kwake, na zikikutana kinachobaki ni kahawia. Tulitumia kipindi kizima hapo, na hakikuwa kwenye mpango. Kwa hiyo, waheshimiwa, ninaposoma kwamba fedha za somo zitaelekezwa kwenye vifaa vya TEHAMA, nashukuru kwa jino moja. Kishikwambi hakina harufu ya rangi wala hakimfundishi mtoto brashi inabeba maji kiasi gani. Manila, penseli laini na makopo matatu ya rangi visifutwe kwenye orodha kwa sababu kuna projekta.

Projekta yenyewe, basi, nitaisema. Katika shule moja niliyowahi kufundisha ilikuwepo, mpya, ndani ya boksi, ndani ya kabati, ndani ya ofisi. Funguo za kabati alikuwa nazo mtu mmoja. Kuiazima kulihitaji fomu, na fomu ilihitaji sahihi, na mwenye sahihi alikuwa semina. Niliitumia mara moja kwa mwaka. Ilipoanza kuonesha, kila mtu aliogopa kuigusa, pamoja nami. Ilihifadhiwa vizuri kweli. Nadhani bado ni mpya.

Kuna jambo jingine dogo linalonikera zaidi ya projekta, nalo ni karatasi. Andalio la somo lina hatua zake: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, na nyinginezo. Zote zinaanza mwalimu anapoingia darasani. Hakuna mstari wa kuandika kilichofanyika jana yake nyumbani. Siku mkaguzi mmoja alipoingia darasani kwangu alikuta watoto wameinama wanachora, mimi nimechuchumaa pembeni ya dawati, ubaoni hakuna hata tarehe. Alisubiri kama dakika 10, akaninong'oneza kwa upole kabisa: "Mwalimu, unaanza kufundisha saa ngapi?" Kwenye fomu yake hatua ya maarifa mapya ilibaki tupu, nami nikapata maoni kwamba niboreshe ushirikishaji. Simlaumu. Alijaza fomu aliyopewa.

Naomba basi fomu hiyo iongezwe mstari mmoja. Mstari wa juu kabisa, kabla ya utangulizi: mwanafunzi ametazama nini, ameuliza nini, amekuja na nini. Hauna gharama.

Nimeandika "ameuliza nini" kwa makusudi, maana kugeuza darasa si video peke yake. Mwaka jana nilitaka kufundisha kusoma picha, yaani kuitazama picha ya mtu mwingine na kuieleza. Kwenye vitabu tunavyoazimana picha nyingi ni za Ulaya. Nikaamua kuanza na mtu wa hapa. Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere, kisha chuo cha sanaa cha Slade huko London, na baada ya Uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo iko New York, katika makumbusho ya MoMA. Kutoka darasani kwangu hadi Machame ni nauli ya daladala, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekuwa amesikia jina lake. Mimi mwenyewe nililisikia nikiwa chuoni.

Picha ipo kwenye tovuti ya makumbusho hayo. Niliipakua mara moja kwa bando langu, nikairusha kwenye simu za nyumbani kwao pamoja na jina la picha na swali moja: kwa nini usiku? Sikuwapa video wala maelezo. Nikawaambia jibu haliko mtandaoni, waende kwa bibi na babu.

Jumatano ile sikuweza kunyamazisha darasa. Mmoja alisema bibi yake alicheka akakataa kujibu. Wawili walikuja na majibu yanayopingana wakakaribia kugombana, ukoo kwa ukoo. Kijana wa Uru alisema babu yake aliitazama picha kwenye simu muda mrefu, akainuka, akachukua kijiti, akachora kwenye majivu ya jikoni namna kibuyu cha mbege kinavyoshikwa ukiwa unashuka mteremko, mkono mmoja hapa, mwingine pale. Kijana akapiga picha yale majivu kwa simu ya mjomba wake, akaniletea. Nimeifundisha Sanaa miaka kadhaa na sijaletewa kazi ya nyumbani nzuri kuliko ile. Ilikuwa imechorwa na mzee ambaye, kwa maelezo ya mjukuu, hajawahi kuingia darasa la uchoraji.

Kutoka hapo tulihamia kwa Elimo Njau wa Marangu, aliyezaliwa mwaka 1932, ambaye picha zake za ukutani za maisha ya Yesu ziko kanisani Murang'a, Kenya, na aliyeanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa Nairobi. Wawili hao tu, wa mlima mmoja, walitutosha wiki tatu.

Ndiyo maana naiandikia pia Taasisi ya Elimu Tanzania. Maktaba mtandao yenu ninaitumia, na nashukuru kwamba vitabu vinapatikana bure. Kwa somo la Sanaa kitabu hakitoshi. Tunahitaji video fupi za mikono: namna ya kutia kivuli, kuchanganya rangi, kukata lino ya kuchapia picha, kuweka nta kwenye batiki, kufinyanga udongo kwa kamba. Zisizidi dakika tano. Ziwe kwa Kiswahili. Zipigwe kwa juu, mkono uonekane, si mwalimu amesimama mbele ya ubao akisoma malengo. Na ziwe za kupakuliwa, si za kutazamwa mtandaoni pekee, ili shule moja yenye intaneti ipakue na kuzipeleka kwa nyingine kwa flashi. Picha za wachoraji wetu ziwemo, kwa ruhusa ya wanaozimiliki. Mikono ya kurekodi ipo, haihitaji studio. Chuo cha Ualimu Butimba kimetoa walimu wa sanaa kwa miaka mingi, na Bagamoyo kuna taasisi ya sanaa ya TaSUBa. Hata sisi wa madarasani, tukiitwa wikendi moja na ubao wenye tundu, tutarekodi.

Wenzenu wa TAMISEMI nawaomba jambo la maktaba. Ipo programu huria inaitwa Kolibri, imetengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Unaiweka kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, yenye ukubwa wa kadi ya benki, inatoa mawimbi ya Wi-Fi ndani ya chumba kimoja tu, na vifaa vya shule vilivyomo humo vinafungua video bila bando wala njia ya kutokea nje kwenda kwenye mambo mengine. Mwanafunzi hahitaji kumiliki simu na marufuku haivunjwi. Vinahitajika vifaa vichache vya shule, vinavyoshikwa na mtunza maktaba, na maktaba iwe wazi kwa saa moja baada ya masomo. Hiyo saa moja ndiyo itakayomwokoa yule binti wa chaji asilimia 6.

Najua nchi iko katikati ya mageuzi. Mitaala mipya ilianza Januari 2024. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ilizinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, na neno amali limekuwa midomoni mwa kila mtu. Shule za msingi sasa zina Sanaa na Michezo. Nafurahi. Lakini amali haifundishwi kwa macho ya mstari wa tatu. Ukimpa fundi cherehani wanagenzi 50 na cherehani moja na dakika 80, hata yeye atatoa mafundi wanaojua kiwiko. Katika upimaji endelevu pia, naomba tupewe nafasi ya kuweka mfululizo wa kazi za mwanafunzi, zilizopigwa picha tangu yai la kwanza hadi la mwisho. Yai la mwisho peke yake halinielezi kama mtoto alijifunza au alizaliwa nalo. Mayai 12 yaliyopangwa kwa tarehe yananieleza, na kishikwambi kinaweza kuyatunza bila kuliwa na mchwa, tofauti na yaliyo stoo yetu.

Mwezi ujao tunaingia kwenye perspektivu, yaani kuchora vitu vya mbali vionekane viko mbali. Video nimekwisha irekodi, safari hii nje, kwenye reli karibu na stesheni, ile reli iliyofika Moshi mwaka 1911 na ambayo abiria walirudi kuipanda mwaka 2019 baada ya miaka mingi ya ukimya. Nilisimama katikati ya vyuma viwili na kishikwambi, nikaonesha jinsi vinavyoonekana kukutana kwa mbali mahali ambapo haviwezi kukutana. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alinishauri nitoke relini. Sauti yake imo.

Kipindi ni Jumatano, baada ya chai, kama nilivyosema. Mmoja wenu akipata nafasi ya kupita, aje bila taarifa, nasi hatutapaka chokaa mawe ya njiani. Ombi langu ni moja: asikae kiti cha mgeni kilichowekwa mbele. Akae dawati la nyuma kabisa, kona ya kulia, penseli na karatasi atapewa, na yai litakuwepo.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Sanaa,
Moshi